Herode Wetu Alikuwa Mzee Gitau

Harufu ya mbegu iliyopakwa dawa haifanani na nyingine yoyote. Ina ukali kidogo kama wa mafuta ya taa, na nyuma yake utamu fulani, utamu wa kudanganya, halafu inakaa kooni. Juzi mjukuu wangu Nelima alitoka stoo na kopo la mahindi ya kupanda yaliyobaki tangu Machi, yale ya rangi ya waridi, akielekea kwa kuku. Mimi nilikuwa nimekaa nje nikibambua minji. Upepo uliniletea ile harufu kabla sijaona kopo, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

"Weka chini! Nenda unawe mikono!"

Akanawa, akarudi akinishangaa. Nikamwambia anawe tena. Akaenda akinung'unika, na aliporudi mara ya pili akaona afadhali anichangamshe na habari njema. Mwaka huu kwenye Bethlehemu yeye ndiye Mariamu.

"Na Brayo ndiye Gitau," akaongeza.

Nikamwuliza, kama mtu asiyejua, "Gitau ni nani?"

"Ai, Kukhu! Gitau si ni yule mfalme mbaya? Yule wa kuua watoto."

Hapa kwetu Kambi Tatu watoto hawasemi Herode. Wanasema Gitau. Mama zao walisema hivyo, na wengine wa bibi zao pia. Ukimwuliza mtoto kama Gitau alikuwa mtu aliyekula ugali na kukohoa kama sisi, atakucheka. Mimi nilimjua. Jina lake lilikaa pale kwa sababu yangu, na nisipoliandika sasa, nitakwenda nalo chini.

Kambi Tatu iko juu ya Njoro, ukipanda kuelekea Mau Narok, mahali ambapo ngano inaanzia mlangoni na kuishia mbinguni. Ilikuwa kambi ya wafanyakazi wa mzungu. Mzungu alipoondoka tulibaki sisi, watu wa kila upande: Wabukusu kama baba yangu Wafula, Wakisii, Wakikuyu, Wakipsigis, Wajaluo wawili wa trekta, Otieno na Ogola. Shamba likawa la wote, stoo ya mbegu ya wote, na shida ya maji nayo ya wote, maana bomba la mzungu lilipasuka mwaka aliokwenda na hakuna aliyejua kulitengeneza. Maji yalikuwa mtoni, chini kabisa bondeni. Aliyeyaleta ni punda wa baba yangu.

Huyo punda tulimwita Karani. Alitembea kichwa chini, taratibu, kama mtu anayekagua kazi ya wengine na haimpendezi. Madebe manne kila safari, safari tano kwa siku. Watu walitupa unga, mayai, makaa, na sisi tukala. Ndiyo sababu mimi nilikuwa shuleni, msichana wa kwanza wa nyumba yetu kushika sleti ya kuandikia. Baba alikuwa akisema mbele ya watu, "Nekesa anasomeshwa na punda," na watu wakicheka, yeye hacheki, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ile siku ya kabla ya Krismasi tuliiita Bethlehemu. Hakuna kasisi aliyetufundisha. Ilianzishwa na wanawake wa kambi, na mkubwa wao alikuwa Mama Chebet, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tulianza saa tisa mchana, jua likiwa bado kali. Mariamu alipanda punda, Yusufu akashika kamba, nasi tukapita mlango kwa mlango kuomba mahali pa kulala. Kila mwenye nyumba alikuwa na haki ya kutukataa kwa maneno yake mwenyewe. Watu walikaa mwaka mzima wakitafuta tusi la mlangoni.

"Hapa tumejaa, hata paka amelala nje!"

"Wewe Yusufu, miezi tisa yote ulikuwa wapi usijenge?"

"Nendeni kwa Otieno, yeye ana kitanda cha chuma!"

Basi kicheko kilitufuata mpaka kibanda cha zamani cha kukamulia ng'ombe, ambako palikuwa na hori ya mbao, majani makavu ya ngano, kondoo wawili, na mtoto. Mtoto wa Bethlehemu alikuwa yule aliyezaliwa mwisho kambini. Hiyo ndiyo sheria, haikujali ni wa nani. Mwaka huo alikuwa Kemunto wa Mama Kerubo, wa wiki tatu, na ubishi ukazuka kwa sababu ni msichana. Wanaume walibishana jioni nzima kama Yesu anaweza kuwa msichana. Mzee Gitau ndiye aliyemaliza maneno. "Si atakuwa amefunikwa?" akasema. "Ni nani kati yenu anayetaka kufunua?"

Huyo Mzee Gitau alikuwa mtunza stoo ya mbegu, mtu mkimya, mwembamba, mwenye kikohozi. Mke wake alikuwa amefariki, binti yake ameolewa mjini Nakuru. Ukipita stoo ungemkuta na sindano kubwa akishona magunia. Lakini Bethlehemu ikifika alivaa koti la mvua aliloliacha mzungu, akajifunika sufuria kichwani kama taji, na sauti ikamtoka ambayo sijui mwaka mzima aliificha wapi. "Yuko wapi huyo mfalme wenu?" Watoto wadogo walijikojolea. Sisi wakubwa tulijikaza.

Mwaka uliotangulia mambo yaliharibika. Mariamu alikuwa Wambui, na katikati ya wimbo Karani aliona saa yake ya maji imefika. Akatoka kibandani na Wambui mgongoni, akashuka naye mpaka mtoni. Watu walicheka wiki nzima, ati Mariamu wa Kambi Tatu amekimbilia Misri kabla ya kujifungua. Mama Chebet hakucheka. Mwaka huo aliponichagua mimi, kwa kuwa punda ni wetu, alinishika sikio kabisa.

"Punda akiondoka, Nekesa, hutakuwa Mariamu tena. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa na miaka kumi na sikutaka kitu kingine duniani.

Nikaanza kufikiri ni nini kitamfanya Karani asimame. Majani makavu alikuwa nayo kila siku. Ngano ndiyo aliyoipenda, lakini mavuno yalikuwa yamefungiwa. Nyuma ya stoo palikuwa na pipa lenye kifuniko, na ndani yake ngano ya mbegu iliyobaki msimu wa kupanda, nyekundu nyeupe hivi, rangi ya waridi. Mzee Gitau alikuwa ametuambia mara nyingi, "Hiyo si ya kuliwa." Lakini alisema hivyo juu ya kila kitu. Asali yake si ya kuliwa, njugu zake si za kuliwa. Tulikuwa tumeshakula asali na njugu, na hatukuona kitu. Kwenye gunia la ndani palichorwa kichwa cha mtu aliyekonda sana, na chini yake maandishi ya Kizungu. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilisoma herufi zote, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, na zikabaki herufi.

Nikajaza leso. Nikaenda kibandani wakati watu wanakula, nikamwaga ngano yote ndani ya hori, nikafunika na majani, juu nikaacha kidogo ionekane, maana ilikuwa nzuri. Niliwaza, mtoto atalala juu ya rangi kama watoto wa wafalme. Vidole vyangu vikawa vya waridi. Nikavipangusa kwenye nguo ya Mariamu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Tulipita milango yote, tukatukanwa vizuri, tukaingia kibandani. Mama Kerubo akaja na Kemunto amefungwa kwenye shuka, akamlaza horini juu ya majani. Wimbo ukaanza. Na Karani, ambaye watu wote walikuwa wanamtazama wakingoja aondoke, akapiga hatua moja mbele, akainamisha kichwa ndani ya hori, kando ya miguu ya mtoto, na hakukiinua.

Wimbo ulikatika. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

"Amesujudu!" Mama Chebet akalia. "Hata mnyama anamjua!"

Baba yangu, ambaye sijawahi kuona machozi yake hata siku ya kumzika mama yake, alivua kofia. Mimi nilisimama pale na shuka yangu kichwani, nimejaa fahari mpaka masikio yananipiga kelele. Nilisikia Karani akitafuna. Ni mimi peke yangu niliyejua anatafuna nini.

Mzee Gitau alikuwa anangoja zamu yake mlangoni. Nilimwona akitabasamu pamoja na wengine. Halafu nikamwona akinusa. Akatazama hori. Akatazama mdomo wa punda, ambao ulikuwa na povu la waridi. Akatazama mikono yangu.

Hakungoja zamu. Aliingia kwa kasi, koti likipepea, akamnyakua mtoto kutoka horini na kumsukumia mama yake kifuani. Kisha akavua ile sufuria na kumpiga Karani nayo usoni, mara moja, mara mbili, mpaka akarudi nyuma. "Mtoeni!" akapiga kelele. "Mtoeni punda hapa!"

Herode hakuwahi kumgusa mtoto miaka yote. Watoto walipiga mayowe. Watu wengine walicheka, wakifikiri ni mchezo mpya. Baba yangu hakucheka. Mzee Gitau alimwinamia Mama Kerubo akamwambia sikioni akamwogeshe mtoto upesi, na yule mama akatoka mbio na mtoto wake. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, akanipeleka nyuma kwenye debe la maji, akatoa kipande cha sabuni kwenye koti.

"Nawa mikono, Mariamu."

Nikanawa. Maji yakawa ya waridi.

"Nawa tena."

Nikafikiri, anayenawa mikono kwenye hadithi si Mariamu, ni Pilato, na hata huyo zamu yake ni Pasaka. Ndivyo nilivyofikiri. Mtoto ni mjinga namna hiyo. Alinitazama nikinawa mara tatu, akikohoa, na hakuniuliza neno.

Giza lilipoanza kuingia watu walimwona nyuma ya kibanda na jembe, akichimba shimo, akamwaga humo kila kitu kilichokuwa ndani ya hori, na majani, na hata mbao mbili alizozing'oa.

Asubuhi ya Krismasi Karani alikuwa anatetemeka. Ngozi ilimcheza kama anafukuza nzi, na hakukuwa na nzi. Alisaga meno. Kisha akaanguka upande na miguu yake ikawa inatembea, inatembea tu, kama anashuka mtoni na maji hayamngoji. Baba alikaa naye, kichwa cha punda pajani. Mama alileta maziwa. Ilipofika saa sita miguu ikaacha kutembea.

Hatukula kuku siku hiyo. Mimi nilikwenda kwa Mama Kerubo nikamtazama Kemunto amelala. Nikarudi tena, na tena. Nilikuwa nahesabu anavyopumua. Mama Kerubo akanipenda kwa hilo. Akasema, "Huyu Mariamu wetu ana roho nzuri."

Kesho yake baraza likakaa mbele ya stoo, watu wazima na watoto, maana jambo la maji ni la kila mtu. Hakukuwa na haja ya kutafuta mkosaji. Mzee Gitau na baba walikuwa wamekosana Novemba, Karani alipoingia kwenye kabichi za mzee. Dawa ilikuwa ya stoo yake. Alimpiga punda mbele ya macho yetu sote. Alionekana akizika. Na hili hakuna aliyelisema, lakini lilikuwa kwenye kila uso: miaka yote tulikuwa tumemsikia akitafuta mtoto wa kuua. Ilikuwa rahisi. Ni kama tulimwandaa sisi wenyewe.

Baba alisimama. "Gitau, ulimpa punda wangu dawa?"

"Dawa ni ya stoo yangu," akajibu.

"Ni nani aliyeiweka ndani ya hori?"

Mzee Gitau alinyamaza. Nilikuwa nimekaa chini, miguuni pa mama. Alinitazama. Hakunikazia macho wala hakukunja uso, alinitazama tu, muda mrefu, mpaka Otieno akakohoa na Mama Chebet akasema, "Mzee, umeulizwa." Bado akanyamaza. Mimi nilielewa kwamba ananiambia, nyamaza. Nikanyamaza. Nikaficha hata mikono yangu chini ya nguo.

Hapo ndipo akageuza uso. "Stoo ni yangu," akasema. "Ufunguo ni wangu. Mnataka nini kingine?"

Walitaka aondoke. Wakachukua ufunguo, wakachukua lile koti. Baba alikuwa amepandwa na hasira, na walimshika watu wawili. Mzee Gitau alibeba sanduku lake la bati akapita katikati ya kambi, njia ile ile ya Bethlehemu, mlango kwa mlango. Milango ilikuwa imefungwa. Safari hii hakuna aliyekuwa na tusi la kuchekesha. Wambui tu, nyuma ya ua, ndiye aliyeimba kwa sauti ya kitoto, "Gitau, Gitau, muuaji wa watoto," na watoto wengine wakaitikia.

Niliitikia na mimi. Naandika hilo pia.

Januari sikurudi shule. Mtu alilazimika kubeba maji, na Karani hayupo. Nilifungwa mtungi mgongoni kwa kamba ya kichwani, na hiyo kamba imeniachia huu mfereji kwenye paji la uso ambao wajukuu wanapenda kuugusa. Darasa la tatu ndilo la mwisho wangu. Nilisema moyoni, hii ndiyo adhabu yangu, nimeshailipa, basi yameisha. Nilikaa na hesabu hiyo miaka mingi na ilinitosha.

Nilikutana naye mara moja tena. Nilikuwa mama wa watoto wanne, nauza minji soko la Nakuru. Mzee akasimama mbele yangu na fimbo, kikohozi kile kile. Alikuwa anakaa kwa binti yake kule mtaa wa Free Area.

"Mariamu," akasema.

Mikono yangu ilisimama kwenye minji.

"Yule mtoto wa Kerubo alipona?"

"Alipona, Mzee. Ameolewa. Ana mapacha."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mapacha!" Akarudia kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha akaniuliza, "Na wewe, uliendelea na shule?"

"Hapana."

Kicheko kikamtoka usoni. Akatikisa kichwa polepole, akatazama chini. Palikuwa na kimya tena, kama kile cha mbele ya stoo. Alisimama pale. Wateja walimpita, mmoja akamsukuma kidogo, naye akasimama tu. Mimi nilichukua mfuko nikamjazia minji mpaka juu, nikampa, nikasema, "Msalimie binti yako."

"Haya," akasema. Akaenda.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani, nimekalia magunia matupu, ndipo jambo likanigonga. Kimya kile cha barazani hakikuwa cha kuniambia nyamaza. Mzee Gitau alikuwa ameulizwa ni nani, na aliyejua ni yeye na mimi. Aliniachia nafasi niseme mwenyewe. Aliniachia muda mrefu kuliko mtu mzima anavyomwachia mtoto, na nilipokosa kuichukua, aliijaza yeye na maisha yake. Na pale sokoni aliniachia tena. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusamehewa, pengine. Lakini yule mama wa watoto wanne aliyempa mzee mfuko wa minji?

Nilirudi sokoni wiki iliyofuata na iliyofuata. Mwishowe nilikwenda Free Area kuuliza, na binti yake akanionyesha picha ya marehemu ukutani imezungushiwa maua ya plastiki. Alisema baba yake alikula zile minji kwa siku tatu, akisema ni za Kambi Tatu. Nililia, naye akanifariji, akidhani nalia kama wanavyolia majirani.

Haya yote nilimwambia Nelima juzi, kopo la mahindi likiwa chini kati yetu. Hakunihukumu. Aliangalia vidole vyake, akaninusisha nione kama bado vina harufu. Kisha akauliza, "Sasa Kukhu, Brayo tumwite nani?"

"Herode."

"Na Gitau?"

Wazee wote wa baraza lile wamekwisha kwenda: baba, Mama Chebet, Otieno, Mama Kerubo. Wambui yupo bado, haoni vizuri. Bethlehemu bado inapita mlango kwa mlango, na mlango wangu ni wa nne. Kila mwaka nimekuwa na tusi langu tayari kama wengine, na watu wamelisubiri, wanasema Kukhu Nekesa ana mdomo.

Mwaka huu wakibisha nitafungua, nisimame pale kizingitini, niseme ni nani aliyemwaga ngano. Watacheka kwanza. Watadhani ndiyo tusi la mwaka. Nitangoja mpaka wanyamaze, kisha nitasema tena.